Mbio mbili za masafa ya kati kwa siku moja: mwongozo kwa wanariadha wakongwe wa West Nile

Mwanariadha aliyevuka umri wa miaka 35 anayekimbia mita 800 asubuhi, kisha akarudi uwanjani alasiri kukimbia mita 1500, hujitwika mzigo ambao kanuni za riadha zimemwachia aupime mwenyewe. Inawezekana kuubeba mzigo huo salama, na wapo wanaoubeba kwa mafanikio. Hata hivyo, mafanikio yake hayategemei kasi pekee. Hutegemea zaidi yanayofanyika katika saa zinazozitenganisha mbio hizo mbili, na utayari wa mkimbiaji kuiacha mbio ya pili mwili unapokataa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo la West Nile, kuanzia Koboko hadi Arua na makazi ya wakimbizi ya Omugo, yaliyofunguliwa mwaka 2017 kama upanuzi wa makazi ya Rhino Camp ili kuwapokea watu waliokimbia vita nchini Sudan Kusini. Mashindano madogo mara nyingi hupangwa yamalizike kwa siku moja, kwa kuwa siku ya pili humaanisha nauli nyingine, chakula kingine na mahali pa kulala. Mkimbiaji aliyesafiri kwa bodaboda kutoka mbali hutamani kukimbia kila mbio anayoiweza kabla ya kurudi nyumbani. Makala haya yanaeleza anachopaswa kujua kabla ya kuandikisha jina lake mara mbili.

Nani huitwa mkongwe?

Katika riadha ya uwanjani, mtu huhesabiwa kuwa mwanariadha mkongwe anapotimiza miaka 35, awe mwanamume au mwanamke. Kuanzia hapo washindani hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano: 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea hadi umri wa uzee mkubwa. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wakongwe yalifanyika Toronto, Canada, mwaka 1975, na miaka miwili baadaye likaundwa shirikisho la kimataifa la kuyasimamia, ambalo leo linaitwa World Masters Athletics. Tofauti na Olimpiki, mashindano hayo ya dunia hayamdai mshiriki awe amefikia muda fulani. Umri ndio hati yake ya kuingilia.

Mara nyingi makundi kadhaa ya umri hukimbizwa pamoja, lakini matokeo hutolewa kwa kila kundi peke yake. Kwa hiyo mzee wa miaka 61 anayepitwa na mwenye miaka 52 hajapoteza chochote. Anayekusudia kukimbia mara mbili anapaswa kulikumbuka hilo, kwani nguvu nyingi hupotea kwa kumfukuza mtu ambaye si mshindani wako.

Mifano ya waliokimbia mara mbili

Kukimbia mara mbili kwa siku moja si jambo geni katika historia. Tarehe 10 Julai 1924, katika Olimpiki ya Paris, Paavo Nurmi wa Finland alishinda mita 1500, na katika muda usiofika saa moja akarudi na kushinda mita 5000. Karibu karne moja baadaye, tarehe 2 Agosti 2021 mjini Tokyo, Sifan Hassan alianguka katika mzunguko wa mwisho wa mchujo wa mita 1500 asubuhi, akainuka, akawapita wote na kumaliza wa kwanza. Usiku wa siku hiyohiyo alitwaa dhahabu ya mita 5000. Hassan alizaliwa Ethiopia na alifika Uholanzi akiwa kijana mkimbizi, historia ambayo wengi wa Omugo wanaielewa bila kufafanuliwa.

Nurmi alikuwa na miaka 27 siku ile, na Hassan 28. Mifano yao inathibitisha kwamba mwili wa binadamu unaliweza jambo hili, lakini si kipimo cha mtu mwenye miaka 48 anayelima asubuhi na kufanya mazoezi jioni.

Mfano ulio karibu zaidi na wakongwe ni wa Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet nchini Kenya, aliyekuja kuikimbilia Marekani. Mwaka 2007 mjini Osaka alishinda mita 1500 na mita 5000 katika mashindano yaleyale ya dunia, ingawa si kwa siku moja. Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, akiwa na miaka 41, alimaliza wa tano katika fainali ya Olimpiki ya mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 6.78. Inafaa kuona kwamba katika umri huo Lagat alikimbia mbio moja tu katika Olimpiki hiyo. Kupunguza idadi ya mbio kulikuwa sehemu ya hekima yake.

West Nile yenyewe ina jina lake katika historia ya riadha. Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Vurra katika eneo la Arua, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kutwaa ubingwa wa dunia wa mita 3000 kuruka viunzi na maji, mjini Helsinki mwaka 2005, kwa muda wa dakika 9 na sekunde 18.24. Kutoka upande wa Sudan Kusini, kikosi cha kwanza cha wakimbizi katika Olimpiki, Rio 2016, kilikuwa na wakimbiaji wanne wa masafa ya kati waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya: Rose Nathike Lokonyen na Yiech Pur Biel katika mita 800, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro katika mita 1500. Kila mmoja wao aliandikishwa katika mbio moja.

Kanuni zinasemaje?

Kanuni za kimataifa za riadha zinaweka muda wa chini wa kupumzika kati ya duru moja na nyingine ya mbio ileile, inapowezekana. Kwa mbio za hadi mita 200 muda huo ni dakika 45. Kwa mbio za zaidi ya mita 200 hadi mita 1000, ikiwemo mita 800, ni dakika 90. Kwa mbio zinazozidi mita 1000, duru mbili hazipaswi kufanyika siku moja.

Msomaji atambue mpaka wa kanuni hiyo. Inamlinda mkimbiaji ndani ya mbio moja. Haisemi lolote juu ya mtu aliyejiandikisha katika mbio mbili tofauti. Ratiba ikiweka mita 1500 nusu saa baada ya mita 800, hakuna kanuni iliyovunjwa, na mwamuzi halazimiki kumsubiri mtu. Hata hivyo, dakika hizo 90 ni kipimo kizuri cha kujipimia. Ikiwa wenye kanuni wameona kwamba vijana walio katika kilele cha nguvu zao wanahitaji muda huo kati ya mita 800 na mita 800, mkongwe hana sababu ya kuridhika na muda mfupi zaidi kabla ya mita 1500.

Kinachotokea mwilini

Mita 800 na mita 1500 hufanana kwa jina la masafa ya kati, lakini hudai nguvu kwa namna tofauti. Katika mita 800, takriban theluthi mbili ya nishati hutoka katika mfumo unaotumia hewa ya oksijeni, na sehemu inayobaki hutengenezwa bila oksijeni. Katika mita 1500, sehemu ya oksijeni huzidi robo tatu. Ndiyo maana miguu huwa mizito mno katika mita 100 za mwisho za mbio fupi kati ya hizo mbili.

Baada ya mbio, baadhi ya mambo hurudi haraka. Akiba ndogo ya nishati ya papo kwa papo iliyo ndani ya misuli hujazwa tena kwa dakika chache. Asidi ya laktiki iliyojaa katika damu hupungua kwa nusu katika takriban dakika 15 hadi 25, na huondoka upesi zaidi kwa mtu anayetembea au kukimbia polepole kuliko kwa aliyelala chini. Baada ya saa moja sehemu kubwa yake imekwisha. Basi si kweli kwamba asidi hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya kesho yake. Maumivu hayo hutokana na michubuko midogo katika nyuzi za misuli.

Michubuko hiyo haiponi kwa saa moja, wala kwa saa nne. Kano za kisigino na misuli ya nyuma ya paja huingia katika mbio ya pili zikiwa zimeshachoka, hata kama pumzi imetulia na mkimbiaji anajihisi mzima. Hapa ndipo wakongwe wengi hudanganyika. Pumzi hurudi mapema na kuuficha uchovu wa miguu.

Umri hubadilisha nini?

Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri miaka inavyoongezeka. Kwa kanuni moja inayotumiwa sana na wataalamu, yaani 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, kijana wa miaka 25 hukadiriwa kufikia mapigo 190 hivi kwa dakika, na mtu wa miaka 55 mapigo 170 hivi. Haya ni makadirio, na watu hutofautiana. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao hushuka, kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na kwa kiasi kidogo zaidi kwa anayedumu katika mazoezi makali.

Zipo tofauti nyingine zisizoonekana kwenye saa ya kupimia. Kano hupoteza unyumbufu. Nyuzi za misuli zinazoleta kasi hupungua. Hisia ya kiu nayo hufifia, hivyo mtu mzima anaweza kupungukiwa maji bila kujua. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba, kwa watu waliovuka miaka 35, chanzo kikuu cha vifo vya ghafla wakati wa mazoezi ni maradhi ya mishipa inayolisha moyo, maradhi ambayo yanaweza kujificha kwa miaka.

Kwa sababu hiyo, mwenye shinikizo la damu, kisukari, historia ya kuvuta sigara, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, aonane na mganga katika kituo cha afya kabla ya kukimbia mbio kali, sembuse mbili. Anayetumia dawa za presha aulize hasa kuhusu dawa zinazotoa maji mwilini na zile zinazopunguza mapigo ya moyo. Zote hubadilisha namna mwili unavyostahimili joto na kasi.

Kuchagua mbio iliyo muhimu

Kabla ya siku yenyewe, mkimbiaji aamue ni mbio ipi aliyoijia. Ikiwa ni ile ya kwanza, aikimbie kwa nguvu zake zote na aichukulie ya pili kama nyongeza. Ikiwa ni ya pili, katika mbio ya kwanza atafute nafasi tu, asitafute muda bora.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkimbiaji anayeweza kukimbia mita 1500 kwa dakika 5 kamili hutumia sekunde 80 kwa kila mzunguko wa mita 400. Akiwa amekwisha kukimbia mita 800 asubuhi, ni busara aanze mizunguko miwili ya kwanza kwa sekunde 82 au 83, kisha auamue mzunguko wa mwisho kwa hali atakayojikuta nayo. Sekunde tano alizoziacha mwanzoni anaweza kurudishiwa kwa sehemu mwishoni. Akianza kwa sekunde 77 kwa kuwa pumzi inamdanganya, atalipa kwa kutembea.

Mazoezi ya kukimbia mara mbili huanza wiki kadhaa kabla. Njia rahisi ni kukimbia mita 600 au 800 kwa kasi isiyofikia ile ya mashindano, kupumzika dakika 40 kama atakavyopumzika siku ya mbio, kisha kukimbia mita 1000. Zoezi la namna hii mara moja katika wiki mbili linatosha, likifuatiwa na siku mbili nyepesi. Asiyewahi kulifanya zoezi hilo asijaribu mbio mbili kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Saa za katikati

Tuseme mita 800 ni saa 4 asubuhi na mita 1500 ni saa 8 mchana. Mkimbiaji anazo saa nne, na zinaweza kupangwa hivi.

Dakika 10 za kwanza: aendelee kutembea. Asijitupe chini mara baada ya mstari wa mwisho, kwa kuwa damu iliyojaa miguuni hushindwa kurudi upesi na kizunguzungu hufuata.

Dakika 10 hadi 15 zinazofuata: akimbie polepole kabisa, kwa mwendo wa kuzungumza.

Kisha avue viatu vya njumu na kuvaa viatu vyepesi, abadilishe fulana iliyolowa, na akae kivulini. Anywe maji kidogo kidogo, si lita nzima kwa mara moja. Akiwa ametoka jasho jingi, maji ya chumvi na sukari yanafaa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Ndani ya saa ya kwanza: ale kitu chepesi chenye wanga. Kwa mtu wa kilo 60, ndizi mbivu mbili na kipande cha mkate vinatosha. Viazi vitamu vya kuchemsha au uji mwepesi vinafaa pia. Maharage, nyama na vyakula vya mafuta vingoje jioni, kwa kuwa tumbo huchelewa kuviyeyusha.

Saa mbili kabla ya mbio ya pili: asile tena chakula kizito. Apumzike, aepuke kusimama juani akiwashangilia wengine.

Dakika 40 kabla: aanze kupasha misuli joto upya, kwa kifupi kuliko asubuhi. Dakika nane za mwendo mwepesi na mikimbio mitatu ya mita 60 zinatosha. Akihisi kano ya kisigino au nyuma ya paja ikimvuta hata baada ya kupasha, hilo ni jibu tosha.

Ikiwa muda wa katikati haufiki saa moja, mpango hubadilika. Asile chakula kigumu, anywe maji kwa funda chache, aendelee kutembea ili mwili usipoe, na afanye mikimbio miwili tu kabla ya kuitwa mstarini.

Joto, malaria na saumu

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, jua la mchana huko West Nile ni kali, hasa katika nyanda za chini zinazoelekea Mto Nile. Mbio ya pili inayopangwa saa 7 au saa 8 mchana humkuta mkimbiaji akiwa na joto la asubuhi bado mwilini. Kitambaa kilicholowekwa maji shingoni na kichwani husaidia kulipunguza.

Malaria ni hatari nyingine ya mahali. Mwenye homa, au aliyemaliza dozi siku chache tu zilizopita, asikimbie hata mbio moja. Vilevile, si vyema kumeza vidonge vya maumivu vya aina ya ibuprofen au diclofenac ili kuiwahi mbio ya pili. Vidonge hivyo, pamoja na joto na upungufu wa maji, huweza kuumiza figo, na huficha maumivu ambayo kazi yake ni kuonya.

Kwa Waislamu, wengi katika Koboko na Arua, mwezi wa Ramadhani si wakati wa mbio mbili za mchana. Asiyeweza kunywa maji kati ya mbio ya kwanza na ya pili amekosa nyenzo kuu ya kujirudisha, na hapo mbio moja nyepesi, karibu na magharibi, inatosha.

Dalili za kusimama mara moja

Mkimbiaji aache mbio, au asianze ya pili, akiona mojawapo ya haya: maumivu au kubanwa kifuani, hata yakipita, maumivu yanayopanda taya au mkono, mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, au yasiyotulia baada ya nusu saa ya kupumzika, kizunguzungu au kuzimia, kuhisi baridi juani, kuchanganyikiwa, au mkojo wa rangi ya chai. Dalili za kifuani na kuchanganyikiwa hazingoji kesho. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali wakati uleule, na asiende peke yake.

Wajibu wa waandaaji

Mkongwe hawezi kujilinda peke yake ikiwa ratiba imefungwa. Mwandaaji anayejua kwamba watu wazima wataandikishwa katika mbio mbili anaweza kuwasaidia bila gharama yoyote: aweke mita 800 mwanzoni mwa asubuhi na mita 1500 jioni jua linapopoa, aitangaze ratiba siku kadhaa kabla, na aifuate. Ratiba inayosogezwa mbele bila taarifa humnyima mkimbiaji chakula chake na pumziko lake kuliko hata ratiba yenye muda mfupi unaojulikana. Kivuli, maji safi na mtu mmoja anayejua huduma ya kwanza ni vya lazima pale wanapokimbia watu wa miaka 50 na 60.

Linabaki jambo moja ambalo waandaaji na watazamaji wanaweza kulibadilisha kwa maneno tu. Mzee anayeiacha mbio ya pili asichekwe wala asiitwe mwoga. Kuandikisha jina si kiapo, na anayejiondoa kwa kuwa mguu umemwonya atarudi uwanjani mwezi ujao. Anayelazimishwa na kelele za watu huenda asirudi. Jina lake litangazwe kwa heshima ile ile aliyotangaziwa asubuhi.